Wanaosimama kwa Vidole

Picha ilipotundikwa kwenye ukumbi wa usharika wetu, mtu wa kwanza kuipangusa vumbi nilikuwa mimi, ndiyo maana naijua kuliko wote waliokuja kuizungumzia baadaye. Kila Jumamosi nilifagia ule ukumbi na kuchemsha chai ya vikao. Ukishamaliza kufagia na maji bado hayajachemka, unakaa. Na ukikaa pale, hakuna cha kutazama isipokuwa kalenda ya dayosisi na hiyo picha.

Si picha ya kamera, imechorwa kwa rangi. Ni wasichana wa Kizungu, wadogo, wa kama darasa la tano mpaka la saba, wako kwenye chumba kikubwa chenye sakafu ya mbao. Wamevaa sketi nyeupe zilizofura kama povu la sabuni. Mmoja amesimama kwa ncha za vidole, mikono ameinua. Wengine wanangoja zamu. Mmoja anajikuna mgongo, mwingine anapiga miayo. Katikati yuko mzee mwenye mvi, ameshika fimbo ndefu ambayo ncha yake imegusa chini. Na pembeni kabisa, kwenye benchi, kuna msichana ameinama ameshika mguu wake. Uso wake hauonekani.

Waliotuletea ni Wajerumani. Usharika wetu, huku juu ukishapita Mamba, una urafiki na usharika mmoja wa kule kwao. Wao huja, sisi tunawapokea kwa nyimbo na makande, wanapiga picha, wanaondoka. Mwaka huo mama mmoja wao, mwenye nywele nyeupe zote, alishuka kwenye gari na kitu kipana kimefungwa blanketi. Akasema maneno machache, mchungaji akatafsiri: hawa ni watoto walio mazoezini, na sisi tunawaombea watoto wenu. Watu wakapiga makofi. Akasema wangerudi mwaka unaofuata, sikukuu ya mavuno.

Hayo tu. Lakini kwetu mgeni haleti kitu hivi hivi. Akikuletea jembe, akirudi anaangalia shamba. Akikuletea kitenge, akirudi anataka akukute umekivaa, la sivyo umemdharau. Kwa hiyo wazee wa kanisa walikaa kikao kizima juu ya picha ile, mimi nikiwamiminia chai.

"Wanataka wakute watoto wetu wanafundishwa," alisema Mzee Eliufoo, mzee wa kanisa ambaye pia ndiye mnadi wetu wa sadaka, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Wanafundishwa nini, Mzee Eliufoo? Kusimama?" mwenzake mmoja alimuuliza.

"Kusimama kwa vidole."

"Kwa faida gani?"

"Faida kamuulize Mzungu. Mbuzi wa maziwa walipokupa uliuliza faida?"

Wakacheka. Ndipo akainuka Madam Victoria, mwalimu wa kwaya ya watoto. Huyu aliwahi kupelekwa Ujerumani na ujumbe wa usharika, akakaa siku chache, na tangu arudi hakuna jambo la Wajerumani lililosemwa bila yeye kulimalizia. Akasema, "Niachieni mimi. Wakirudi watawakuta wamesimama. Na mtoto atakayesimama kuliko wote, msishangae wakimchukua kumsomesha."

Neno hilo la mwisho lilifika nyumbani kwetu kabla yangu.

Mama yetu, Kaanaeli, analima tangawizi kwenye mteremko ambao mgeni hawezi kuupanda bila kushika majani. Nilipomaliza darasa la saba baba alikuwa amefariki mwaka uleule, na tangawizi haingojei mtu asome. Nikabaki. Lakini mdogo wangu Raheli alikuwa darasa la tano, mwepesi, miguu ya mbuzi. Anashuka na furushi kichwani anaimba. Mama alimshika mabega siku ile akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua kuku.

"Huyu ndiye atakayetoka," alisema. "Zipora alikwama. Huyu anatoka."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale.

Sketi zilishonwa kwa vyandarua. Vile vya zahanati, vyeupe. Aliyeleta cha bluu alirudishwa nacho. Viatu vilikuwa raba za shule. Madam Victoria alisogeza pua mpaka ikagusa kioo cha picha, akatazama sana miguu ya wale wasichana, akasema, "Humo ndani kuna kitu kigumu. Haiwezekani kidole peke yake." Akafikiri ni nini. Akaamua ni gunzi. Basi magunzi ya mahindi yakakatwa vipande, yakashindiliwa kwenye ncha za raba, mguu ukaingizwa, ukazungushiwa kitambaa cha kanga kuukuu, ukakazwa. Fimbo aliikata kwenye mti wa kahawa, akaimenya, ikawa nyeupe. Hakuwachapa nayo. Alikuwa anagonga sakafu tu.

"Nyooka!" Ko. "Nyooka, Irene!" Ko.

Irene ni binti yake wa kuzaa, mkubwa kuliko wenzake, ndiyo kwanza ameanza mafundisho ya kipaimara. Alikuwa anaanguka. Wote walikuwa wanaanguka, isipokuwa Raheli. Raheli alipanda juu ya yale magunzi siku ya kwanza akakaa pale, meno nje, hadi Madam akasahau kugonga.

"Umeona?" alimwambia binti yake. "Mtoto wa kubeba tangawizi anasimama. Wewe unayekunywa maziwa asubuhi na jioni unaanguka kama gunia."

Basi kuanzia hapo wenzake hawakumwita Raheli kwa jina. Walimwita Mzungu wa Magunzi. Irene ndiye aliyelitunga.

"Mzungu wa Magunzi, kwenu mnalala kwenye gunzi?"

"Tunalala kwenye kitanda," Raheli alimjibu. "Wewe ndiye unayelala sakafuni hapa kila mazoezi."

Alikuwa na mdomo. Nilipenda ule mdomo wake.

Mvua za vuli zikapita, tukapanda, tukapalilia, mazoezi yakaendelea. Kucha la kidole gumba cha mguu wa kulia likawa jeusi, likatoka. Raheli akalifunga kwenye jani akalitupa mtaroni. Baadaye kidole chenyewe kikavimba. Nilikuwa namkandia na maji ya moto yenye chumvi kwenye beseni nyuma ya jiko, na yeye anang'ata upindo wa gauni.

"Dada, usimwambie mama."

"Mama ana pua, Raheli."

Na kweli mama alikuja, akasimama mlangoni, akakunja uso. Akachuchumaa, akaushika ule mguu, akaugeuza kwenye mwanga. Nikadhani sasa atasema tushuke zahanati.

"Mganga ataufunga bandeji nene kama mkate," alisema. "Mguu wa bandeji utaingia kwenye raba gani? Mavuno ni Jumapili ijayo. Ongeza chumvi."

Nikaenda kwa Madam Victoria. Nilimkuta ukumbini anahesabu sketi.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Zipora, chai tayari?"

"Bado. Nimekuja kwa ajili ya Raheli. Mguu wake unanuka."

Hakukasirika. Aliweka sketi chini, akanishika mkono taratibu, akanisogeza mbele ya picha kama mtu anayemwonyesha mtoto herufi.

"Unamwona yule wa kwenye benchi? Ameshika nini?"

"Mguu."

"Unamuuma au haumuumi?"

"Unamuuma."

"Sasa mwangalie mzee mwenye fimbo. Anamtazama nani? Anamtazama aliyesimama. Yule wa benchi hana habari naye. Ndivyo wanavyofundishwa huko, mwanangu. Umeipangusa picha hii mwaka mzima hujaona?"

Nikatazama. Mzee hakuwa anamtazama yule wa benchi. Hakuna hata mmoja humo ndani aliyekuwa anamtazama.

Jumapili ya mavuno Wajerumani walikaa mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa. Watoto wakaingia na sketi zao za chandarua. Kinanda kikapigwa. Mmoja mmoja walipanda wakashuka, walipanda wakashuka, Irene akamshika mwenzake bega ili asianguke. Kisha Madam akagonga, ko, na Raheli akatoka mbele peke yake.

Akasimama. Mikono juu, shingo ndefu, macho kwenye ule ukuta wenye picha. Mama yangu alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe kama anayeomba. Yule mama Mjerumani aliweka kiganja mdomoni, na nilikuwa karibu, niliona: alikuwa anacheka. Kicheko kizuri, cha mtu aliyeona kitoto cha mbwa kimevaa kofia. Wenzake wakainua simu. Raheli akaendelea kusimama. Halafu raba yake nyeupe ikaanza kubadilika rangi kuanzia kwenye ncha, na yule mama akaacha kucheka akapiga kelele.

Alimshusha yeye mwenyewe. Alipomvua raba alifunga macho. Akamgeukia mchungaji akasema maneno mengi.

"Anauliza nani aliwaambia mfanye hivi," mchungaji alitafsiri.

Mzee Eliufoo akanyoosha kidole ukutani. Yule mama akageuka, akaitazama picha, akaitazama tena. Alikuwa ameisahau. Akasema kitu kifupi. Mchungaji akasita.

"Tafsiri, Mchungaji," Mzee Eliufoo alimwambia.

"Anasema picha ilikuwa ya marehemu mama yake. Walikuwa wanatoa vitu ndani ya nyumba waiuze. Hiyo haikupata pa kukaa. Akaona ailete huku."

"Yaani walikuwa wanahama?"

"Walikuwa wanahama."

Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka. Halafu wa pili. Kicheko kikapita kwenye mabenchi, watu wazima wameinamisha vichwa mabega yanatikisika, na Raheli yuko chini katikati, mguu wazi, anatafuta ni nani anayechekwa.

Wageni walimshusha kwa gari lao mpaka hospitali, Same mjini. Daktari alisema kama angeletwa wiki iliyotangulia angekuwa amepoteza kucha tu. Walikata kidole gumba na kinachofuata. Wajerumani walikuja kumwona kabla ya kwenda kupanda ndege, wakamwachia pipi na kofia ya sufu. Mama aliwasindikiza hadi kwenye gari, akasimama kwenye dirisha lao, akingoja waseme neno juu ya shule. Walimpungia mkono.

Raheli akarudi nyumbani na fimbo. Fundi seremala wa kijijini alimchongea, ndefu kuliko urefu wake, ili asibadilishe akikua.

Sasa picha ikawa aibu. Kila aliyeingia ukumbini aliitazama kisha akamtazama Madam Victoria. Wazee wakasema itoke, ipelekwe mnadani kama sadaka nyingine.

Kwetu asiye na hela ya sadaka analeta alichonacho: mayai, ndizi, jogoo, tangawizi. Vinawekwa madhabahuni, na ibada ikiisha vinanadiwa pale nje. Unaweza kununua chako ukaondoka nacho. Unaweza pia kusema, namnunulia fulani. Basi huyo fulani ni lazima atoke, aje akicheza, kwaya inaimba, akipokee. Kilichotoka madhabahuni hakikataliwi, wala hakitupwi. Ndivyo mkwe anavyoheshimiwa, ndivyo mchungaji anavyopata kuku.

Mzee Eliufoo aliinyanyua picha juu. "Nani anaongeza? Mungu anaona mifuko yenu!" Hakuna aliyeongeza baada ya Madam Victoria. Akalipa, akageukia watu. Alikuwa ametabasamu.

"Namnunulia Raheli," alisema. "Maana yeye ndiye aliyeitaka kuliko sisi sote."

Akina mama wawili walianza vigelegele kwa mazoea, vikawafia mdomoni. Mzee Eliufoo alitazama chini kidogo. Lakini desturi ni desturi.

"Raheli binti Kaanaeli! Njoo upokee baraka yako!"

Kwaya ikaanza. Mama akamsukuma kiunoni. "Nenda. Watu wanangoja." Raheli akaenda, fimbo, mguu, fimbo, mguu, anajaribu kuyumbisha bega kufuata wimbo.

"Kwa vidole, Raheli!" Irene alipaza sauti. "Mzungu wa Magunzi, kwa vidole!"

Watoto wakaangua kicheko. Na wakubwa pia, sitasema uongo. Raheli aliipokea picha kwa mkono mmoja, ikamzidi uzito, ikamwelemea, na mimi ndiye niliyetoka kumshikia upande wa pili. Tuliibeba hivyo mpaka nyumbani. Ule mdomo wake sikuusikia tena kwa muda mrefu.

Mama aliitundika juu ya meza ya kulia, kwa kuwa haitupwi. Mwanzoni Raheli alikula akiwa ameipa mgongo. Baadaye akageuza kigoda. Akawa anaitazama kama nilivyokuwa nikiitazama mimi, muda mrefu, chakula kinapoa.

"Dada," alisema siku moja. "Huyu mzee hajamchapa mtu."

"Hajamchapa."

"Fimbo yote hii ya nini?"

"Sijui."

Akatafuna. "Ni kilema," alisema. "Mwangalie alivyoiegemea. Na yeye walimsimamisha kwa vidole."

Mimi si mtu wa kupayuka. Sikumwendea Madam Victoria, sikumnunia. Nilifagia ukumbi wake, nikamsalimia shikamoo, nikammiminia chai na kumwongezea sukari. Nilikuwa na kipande changu cha tangawizi juu kabisa, karibu na ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ambacho mama aliniachia. Tangawizi inataka uiache ardhini mpaka majani yakauke yenyewe. Ukiwahi, inakosa ukali. Nikaiacha. Majani yakakauka. Nikachimba, nikaosha, bodaboda akateremsha magunia Mamba kwa wanunuzi, na hela nikaishona kwenye upindo wa sketi. Nikangoja Jumapili niliyokuwa naitaka.

Ilikuwa Jumapili ya kipaimara. Irene alikuwa mmoja wao. Wajomba zake walikuja kutoka Moshi na Dar es Salaam, magari yakajaa hadi chini ya kona. Alivaa gauni jeupe lililofura, na viatu vyake vya kwanza vyenye visigino virefu, vyembamba. Alikuwa amependeza. Alijua kuwa amependeza.

Asubuhi hiyo niliishusha picha ukutani. Mama alikuwa ametangulia kanisani.

"Tunaipeleka wapi?" Raheli aliuliza.

"Sadaka," nikamwambia. "Haitupwi, lakini inatolewa."

Akanitazama. Kisha akachukua fimbo yake, akaipaka mafuta, akaifuta ikang'aa.

Ibada ilipoisha, Mzee Eliufoo aliuza mayai, akauza mkungu wa ndizi, akafunua kitenge nilichoifunika nacho picha, akaikuta. Alinitazama moja kwa moja.

"Zipora," alisema chini chini. "Mwanangu."

"Ni sadaka, mzee wangu. Nadi."

Akanadi. Nikataja kiasi changu. Madam Victoria alikuwa kati ya ndugu zake, na niliona alivyonielewa palepale. Yeye ni mwepesi, hilo simnyimi. Akaongeza juu yangu, ili aichukue akaizike. Nikaongeza. Akaongeza. Wajomba hawakujua lolote, wakashangilia, wakadhani ni furaha ya siku: "Mwongeze, dada! Usishindwe na mtoto!" Lakini pochi yake ilikuwa imeishia kwenye pilau na turubai, na kuwaomba mbele ya watu aliona aibu. Akanyamaza. Mimi bado nilikuwa na upindo mzima.

"Namnunulia Irene," nikasema. "Ni siku yake."

Ndugu wakapiga vigelegele virefu, vya mjini. Wenyeji hawakupiga. Wenyeji walikuwa wananyoosha shingo.

"Irene binti Victoria," Mzee Eliufoo aliita, na sauti yake ya bonde ilikuwa ndogo. "Njoo upokee baraka yako."

Kwaya ikaanza. Irene alimtazama mama yake. Madam Victoria alikuwa anatabasamu kwa ajili ya ndugu zake, akamsukuma kiunoni. "Nenda. Watu wanangoja."

Akaja, anayumbisha mabega kidogo, visigino vinazama kwenye udongo. Mzee Eliufoo akampa picha, akaikumbatia kifuani, wale wasichana wa kwenye picha wakatutazama kutoka kwenye gauni lake. Akageuka kurudi.

Ko.

Raheli alikuwa ametoka kwenye watu. Alisimama peke yake, ameegemea fimbo, ncha imegusa lile jiwe bapa la mlangoni mwa kanisa. Hakuinua sauti.

"Kwa vidole, Irene."

Mjomba mmoja akacheka, akapiga makofi. "Ehee! Kwa vidole!" Wengine wa mjini wakadakia, wakipiga makofi kwa mapigo ya wimbo, kwa vidole, kwa vidole, na wenyeji nao, mmoja mmoja, wakaingia. Mama yangu aliingia. Madam Victoria alikuwa ameinua mikono kupiga makofi, mikono ikabaki hewani.

Irene akainuka. Visigino vikatoka kwenye udongo, vikaning'inia. Picha ilikuwa nzito, ikamvuta mbele; akarudi, akainuka tena. Magoti yalikuwa yanatetemeka ndani ya lile gauni mpaka gauni lote likatetemeka. Machozi yalikuwa yanamshuka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Ko.

"Bado," alisema Raheli. "Hujanyooka."

Wimbo ule una beti nyingi, na kwaya yetu inazijua zote.